MBIO ZIISHIE NAIVASHA

Mashindano ya magari ya Safari yaliporejeshwa katika ubingwa wa dunia mwezi Juni, 2021, baada ya kukaa nje ya ubingwa huo tangu mwaka 2002, furaha haikuwa ya wananchi wa Kenya peke yao. Upande huu wa Namanga nako vijana wengi wa Arusha, Moshi na hata Dar es Salaam walianza kuhesabu siku na kuhesabu fedha, wakikusudia kwenda Naivasha kujionea kwa macho yao magari waliyozoea kuyaona katika televisheni. Tangu wakati huo safari ya Naivasha imekuwa mazungumzo ya vijiweni, ya gereji na ya maofisini. Kila msimu unapokaribia, michango hukusanywa, magari hukodiwa, na ahadi nyingi hutolewa.

Hilo ni jambo jema. Mfanyakazi aliyetoa jasho mwaka mzima anastahili mapumziko, na kijana anayependa mitambo hana shule nzuri kuliko kuwaona mafundi hodari wakilifungua gari na kulifunga tena mbele ya macho yake. Lakini jambo jema likifanywa ovyo hugeuka balaa. Hapana shaka kwamba wako wanaozipanga safari hizi kwa busara. Wako pia, na si wachache, ambao mpango wao wote ni kupata gari, kupata muziki na kupata vinywaji, na mengine yote huachiwa bahati. Kwa hiyo ni haki swali hili liulizwe mapema: je, wanaokwenda kuwatazama watu waliojiandaa, wao wenyewe wamejiandaa?

Wanaosema kwamba mashindano haya ni anasa ya wageni isiyowahusu wananchi hawasemi kweli, ingawa mwanzo wake unawapa sababu ya kusema hivyo. Yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi ambazo wakati huo zilikuwa chini ya bendera ya mkoloni. Hakuna mwananchi aliyeulizwa kama anataka kushangilia. Hata hivyo, kama mambo mengine mengi yaliyoachwa na ukoloni, watu wa Afrika Mashariki waliyachukua wakayafanya yao. Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi wa magari, alishinda mwaka 1965 kwa gari aina ya Volvo lililokuwa limekwisha kutumika, akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5, nne kati ya hizo zikiwa mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Na Tanzania haikuachwa nyuma, maana Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa nchini, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Wazee waliokuwa wakisimama kando ya barabara usiku kucha kuyasubiri magari hayo wangali wanayasimulia hayo kwa wajukuu wao.

Baadaye njia ya mashindano ilibaki ndani ya mipaka ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kijana wa leo anayelalamika kwamba foleni ya Namanga ni ndefu hana budi kukumbushwa kwamba kulikuwa na miaka ambayo hapakuwa na foleni kwa sababu hapakuwa na ruhusa ya kupita. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa saini mjini Arusha Novemba 30, 1999, na mwezi Desemba, 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa Namanga, ili msafiri ahudumiwe na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Safari ya mwananchi wa kawaida kwenda kumtembelea jirani na kurejea salama ni matunda ya kazi hiyo ndefu. Matunda hayo yasichezewe.

Jambo la kwanza la kujifunza kutoka kwa madereva wa Safari ni kwamba wao hawashindi kwa kukanyaga mafuta tu. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, katika matope na mvua kubwa, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya. Wengine walikuwa na magari yenye nguvu, lakini nguvu iliishia mtoni au shimoni. Siku hizi pia, kabla mashindano hayajaanza, kila dereva hupita katika njia za mashindano kwa mwendo mdogo, na msaidizi wake huandika kila kona, kila jiwe na kila korongo. Mafundi hupewa dakika zilizohesabiwa za kulitengeneza gari. Mwaka 2024 mashindano yalikuwa na hatua 19 zenye jumla ya zaidi ya kilomita 360 za mbio, na kila hatua ilikuwa na saa yake ya kuanza.

Liko jambo moja zaidi ambalo watazamaji wengi hawalijui. Kati ya hatua moja na nyingine magari hayo hupita katika barabara za kawaida, pamoja na mabasi, malori na pikipiki. Huko bingwa wa dunia hutii sheria za barabarani kama mtu mwingine yeyote, na akizidisha mwendo huadhibiwa. Zaidi ya hayo, anayefika kituoni kabla ya saa yake hupewa adhabu kubwa kuliko aliyechelewa: aliyechelewa dakika 1 huongezewa sekunde 10, lakini aliyewahi dakika 1 huongezewa dakika nzima. Kwa maneno mengine, hata katika mashindano ya mbio, kukimbia mahali pasipotakiwa ni kosa. Anayetoka Naivasha akidhani amejifunza kukimbia, kumbe hakujifunza lolote.

Maandalizi ya safari huanza mfukoni. Fedha ya safari hii isiwe karo ya mtoto, isiwe mtaji wa duka wala mkopo utakaolipwa kwa machozi. Nyumba za wageni za Naivasha si nyingi kulingana na umati unaofika, na kila penye umati hapakosi walanguzi. Chumba hupandishwa bei, nauli hupandishwa bei, hata chupa ya maji hupandishwa bei. Dawa ya mlanguzi ni maandalizi ya mapema. Wanaochanga kidogo kidogo tangu mwaka unapoanza kabla ya msimu wa mbio, wakaweka nafasi zao miezi mingi kabla, hulala kwa bei ya haki. Wanaokurupuka wiki ya mwisho hulala ndani ya magari, na dereva aliyelala akiwa ameketi ndiye anayekabidhiwa roho za watu asubuhi yake.

Hapa ndipo ushirika unapodhihirisha faida yake. Vyama vya akiba na mikopo, matawi ya vijana, vyama vya wafanyakazi na vilabu vya michezo vina uwezo wa kuandaa safari ya pamoja: basi moja zima, lenye madereva wawili, kwa bei inayofahamika na kila aliyechanga. Basi lenye watu 48 linachukua nafasi ya magari madogo 12 yenye watu wanne wanne. Mafuta yote yanayotumika nchini huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na wazee wanaikumbuka vema miaka ya uhaba, magari binafsi yalipozuiwa kutembea Jumapili alasiri. Hakuna anayeomba miaka hiyo irudi. Lakini somo lake halijapitwa na wakati: kusafiri pamoja ni nafuu kwa mwananchi na ni nafuu kwa Taifa.

Halafu ziko hati. Kila mwaka wapo wanaofika Namanga wakiwa na shangwe tele lakini hawana pasi, wakabaki kuwapungia mikono wenzao wanaoendelea na safari. Mtanzania anayekwenda Kenya awe na pasi yake au hati ya safari ya dharura, na aiombe mapema, siyo jioni ya kuamkia safari. Gari liwe na kadi yake ya usajili, na kama si mali ya anayeliendesha, pawe na barua ya mwenye gari. Bima ya hapa nchini pekee haitoshi nje ya mipaka. Inatakiwa ile ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo humlinda mtu mwingine atakayedhurika na gari hilo ugenini. Kadi hiyo isichanganywe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho ni cha rangi ya njano, na ambacho msafiri mwenye busara hukiweka pamoja na pasi yake. Fedha zibadilishwe benki au katika maduka yanayotambuliwa. Anayebadilisha kwa kijana asiyemfahamu, dirishani mwa gari, asishangae akihesabu baadaye na kukuta pungufu.

Upande wa maofisa nako kuna wajibu. Ofisa wa uhamiaji au wa forodha anayemcheleweshea msafiri shughuli zake kwa makusudi, akingoja kushikwa mkono, anaihujumu kazi iliyogharimu mamilioni ya fedha na miaka mingi ya mazungumzo. Vilevile anakuwa chanzo cha ajali, kwa sababu saa mbili zilizopotea mpakani bila sababu ndizo ambazo dereva asiye na subira hujaribu kuzifidia barabarani. Inafaa wakuu wa kituo wajue tarehe za mashindano mapema na waongeze watumishi siku hizo, badala ya kuuona umati kama ajabu isiyotarajiwa.

Barabara yenyewe ni ndefu. Kutoka Arusha mpaka Nairobi ni karibu kilomita 270, na kutoka Nairobi mpaka Naivasha ni karibu kilomita 90. Anayetoka Dar es Salaam ana takriban kilomita 1,000 mbele yake. Hakuna binadamu anayeweza kuendesha kilomita 1,000 bila kulala na bado akawa dereva. Safari ya Dar es Salaam ikatwe Arusha, watu walale, ndipo waendelee asubuhi. Baada ya Nairobi barabara hutelemka katika Bonde la Ufa, na njia ya chini ipitayo Mai Mahiu ina malori mengi mazito na kona kali. Wakati wa mvua za masika, ambazo huanza mwezi Machi, ukungu na utelezi huongeza hatari. Mashindano ya mwaka 2024 na ya mwaka 2025 yalifanyika mwezi huo huo wa Machi. Gari lenye matairi vipara au breki za mashaka lisithubutu kushuka huko, hata kama mwenye nalo amekwisha kula fedha za abiria.

Haiwezekani kuzungumzia magari bila kuyataja ya umma. Gari la Serikali, la shirika au la halmashauri hununuliwa kwa kodi ya mkulima na mfanyakazi ili limpeleke mganga kijijini, limpeleke bwana shamba kwa wakulima, na limwahishe mgonjwa hospitalini. Halikununuliwa limpeleke mkubwa na rafiki zake kutazama mbio, hata kama safari hiyo itapewa jina la ziara ya mafunzo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimtaka kiongozi asiwe na majivuno wala fahari za kupita kiasi. Miaka imepita, mambo mengi yamebadilika, lakini macho ya wananchi hayajabadilika. Wanaliona gari, wanaisoma namba yake, na wanajua siku hiyo ni Jumamosi. Kiongozi anayependa mashindano achange nauli kama wengine na apande basi. Hatapungukiwa heshima, ataongezewa.

Wakishafika Naivasha, wageni wakumbuke kwamba wao ni wageni. Mji huo uko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Mtu wa pwani asiyebeba sweta atajuta. Mchana vumbi laini kama unga hutimuka, na mvua ikinyesha vumbi hilo hugeuka matope yasiyopitika. Wanaopiga hema karibu na ziwa wajue kwamba viboko hutoka majini usiku kutafuta majani, na kiboko haheshimu hema. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti, 2017, kama ilivyopigwa marufuku Tanzania tangu Juni, 2019. Na tangu Juni 5, 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa, pamoja na chupa za maji, haviruhusiwi katika hifadhi za Kenya. Kwa kuwa baadhi ya hatua za mashindano zimekuwa zikipita Hell's Gate, ambayo ni hifadhi ya taifa, na Soysambu kando ya Ziwa Elmenteita, ambalo tangu mwaka 2011 limo katika urithi wa dunia, msafiri abebe chupa yake ya kudumu na arudi na takataka zake.

Tena wakumbuke kwamba watu wa Naivasha hawaishi kwa mashindano. Wengi wao ni wafanyakazi wa mashamba ya maua, wafugaji, wavuvi na wachuuzi. Vumbi litakapotulia, wao watabaki na kazi zao. Mgeni mwema hununua chakula kwa mama lishe, hulipa bei waliyopatana, haharibu uzio wa mtu wala hakanyagi shamba la mtu kwa kutafuta mahali pazuri pa kusimama. Mtanzania akifanya fujo ugenini, lawama haimwangukii yeye peke yake, bali humwangukia kila Mtanzania atakayepita pale baada yake.

Sasa lifikiriwe lile la hatari zaidi, yaani mahali pa kusimama. Historia ya mbio za magari imejaa majina ya watu waliokwenda kutazama wasirudi. Juni 11, 1955, huko Le Mans nchini Ufaransa, gari moja liliruka likaangukia umati wa watazamaji, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mwezi Machi, 1986, nchini Ureno, watazamaji waliokuwa wamejaa hadi ndani ya barabara waligongwa, watu 3 wakafa na wengine zaidi ya 30 wakaumia. Wala haya si mambo ya kale tu, maana Aprili 21, 2024, huko Diyatalawa nchini Sri Lanka, gari liliacha njia likaua watu 7, akiwamo mtoto. Karibu wote kati ya hao hawakuwa wakiendesha.

Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa hukata mita 33 kwa kila sekunde 1. Mtu aliyeinamia simu yake kupiga picha, akishtuka na kuinua kichwa, gari limekwisha kupita pale alipodhani lingefika baadaye. Kwa hiyo kanuni za watazamaji hazina ubishi. Mtu asimame mahali palipoinuka, si bondeni. Asisimame upande wa nje wa kona, kwa maana gari lililoshindwa kukata kona huelekea huko huko. Asikae chini, na asiipe njia mgongo. Penye utepe mwekundu pasisimamwe. Gari lenye namba ya sifuri likishapita, lile linaloashiria kwamba mashindano yanafuata, asiwepo wa kuvuka njia, hata akiitwa na ndugu yake upande wa pili. Na askari au mlinzi wa njia akisema rudini, watu warudi. Mlinzi huyo halindi barabara, analinda watu.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haiko kando ya njia za mashindano, kwa kuwa huko wapo walinzi, wapo waganga na ipo helikopta. Hatari kubwa iko Jumapili jioni, mshindi amekwisha kuvishwa taji, umati unatawanyika, na kijana aliyeshinda juani siku tatu, akilala kidogo na kunywa sana, anaingia katika gari la baba yake au la kukodi na kuishika njia ya nyumbani. Masikioni mwake ule mngurumo bado upo. Kila kona anaiona kama hatua ya mashindano, na kila basi lililo mbele yake analiona kama mshindani. Nyuma yake wameketi wenzake wanne wanaomshangilia.

Kijana huyo anasahau tofauti zilizopo. Dereva wa mashindano amezungukwa na fremu ya vyuma, amefungwa mikanda mingi, amevaa kofia ngumu na nguo zisizoshika moto, na kando yake yupo msaidizi anayemsomea kona inayokuja. Barabara yake imefungwa saa nyingi kabla; hakuna ng'ombe, hakuna mtoto anayetoka dukani, hakuna baiskeli isiyo na taa. Mwendesha gari wa kawaida hana hata kimoja katika hivyo. Mbele yake wapo watu wa Kajiado, wa Longido na wa Kisongo wanaovuka barabara na mifugo yao kama walivyofanya jana na juzi. Na kanuni ya maumbile haimpendelei mtu: mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali unaohitajika ili breki zilisimamishe gari huzidi mara nne. Shangwe za walioketi nyuma hazipunguzi umbali huo hata kwa hatua moja.

Uko msemo uliozoeleka kwamba ajali haina kinga. Msemo huo umewafariji wafiwa wengi, lakini pia umewaficha wazembe wengi. Ajali ya dereva mlevi ina kinga, nayo ni kumnyang'anya ufunguo. Ajali ya dereva aliyechoka ina kinga, nayo ni kulala Naivasha usiku wa Jumapili na kuondoka Jumatatu asubuhi, hata kama ni lazima kuomba siku moja ya likizo mapema. Ajali ya gari bovu ina kinga, nayo ni fundi. Ajali ya mwendo wa kasi ina kinga, nayo ni sheria, ambayo katika nchi zote mbili inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi na kilomita 80 kwa mabasi. Isiyo na kinga ni ile ambayo binadamu hakuweza kuizuia, na hiyo ni nadra kuliko inavyosemwa makaburini.

Kwa sababu hiyo askari wa usalama barabarani wa Arusha na Kilimanjaro hawana budi kuihesabu Jumapili ya mashindano na Jumatatu inayofuata kuwa siku maalumu, kama wanavyofanya wakati wa Krismasi na Idi. Askari wawili wenye kipima ulevi barabarani ni bora kuliko hotuba kumi msibani. Mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu ihakikishe kwamba mabasi ya kukodi yanayovuka mpaka yamekaguliwa na yana madereva wawili. Wenye magari ya kukodisha wakatae kumpa gari kijana asiye na leseni wala uzoefu wa safari ndefu, hata kama amekuja na fedha taslimu. Na wazazi wasione aibu kuuliza: mnakwenda na nani, nani anaendesha, mtalala wapi, mtarudi lini? Mwana anayechukizwa na maswali hayo hajawa tayari kusafiri.

Vijana nao wasidhani kwamba wanaambiwa hayo ili waonewe. Tanzania inawahitaji wapenda magari. Inahitaji mafundi, wahandisi na madereva hodari; inayo mashindano yake ya Mkwawa, ambayo yamewahi kuwa sehemu ya ubingwa wa Afrika. Bila shaka miongoni mwa watakaosimama juu ya vilima vya Naivasha yumo atakayeendesha katika mashindano hayo, au atakayelitengeneza gari litakaloshinda. Mtu huyo anatakiwa arudi nyumbani mzima, kesho yake aamke aende gereji, chuoni au kiwandani akiwa na jambo jipya kichwani.

Basi wanaotaka kwenda waende. Wachange mapema, wakate pasi mapema, waweke nafasi mapema, wachague dereva asiyekunywa na gari lisilo na hitilafu. Wakifika wasimame mahali palipoinuka, washangilie mpaka sauti zikauke, wamshangilie mshindi na zaidi wamshangilie yule wa mwisho aliyefika na gari lililopondeka. Jumapili walale. Jumatatu, jua likiwa limekwisha kuchomoza, washike njia ya Namanga kwa mwendo wa watu wenye jamaa wanaowangoja. Mbio ni za Naivasha, na ziishie huko huko.